Safu ya Ufugaji Nyuki: Mbawakawa Waliozingirwa kwa Gundi na Maswali Mengine Kuhusu Majana

Barua nyingi zilizotufikia kutoka Mwanza na wilaya zinazopakana na ziwa zinauliza jambo moja kwa namna tofauti: nyuki huyalindaje majana yao, yaani watoto wao walio bado kwenye vyumba vya masega, dhidi ya wadudu wanaoingia mzingani, na mfugaji aingilie wapi na aache wapi. Tumechagua sita. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu kwa kuwa majibu ya nyingine yanaiegemea.

Mtaalamu, salaam. Sisi ni kikundi cha akina mama, tunafuga nyuki kwa mizinga ya viunzi vya juu. Tulipofungua mzinga mmoja tuliona chini ya mfuniko wadudu wadogo weusi wamejibana pembeni, wamezungushiwa vijiukuta vya gundi ya nyuki, na nyuki wachache wamesimama hapo bila kuondoka. Tuliikwangua gundi yote kwa kisu ili mzinga uwe safi. Baada ya wiki mbili masega ya pembeni yakawa yanatiririsha ute wenye harufu ya kitu kilichochacha, yamejaa funza. Wametoka wapi? (Kikundi, Sengerema)

Akina mama, poleni kwa hasara hiyo. Wadudu mliowaona ni mbawakawa wadogo wa mzinga, ambao jina lao la kisayansi ni Aethina tumida. Ni wenyeji wa Afrika kusini mwa Sahara, na nyuki wetu wameishi nao tangu zamani sana. Walikofanya uharibifu wa kutisha ni Marekani, ambako walionekana mwaka 1996, kwa sababu nyuki wa asili ya Ulaya wanaofugwa huko hawakuwahi kukutana nao. Mbawakawa mzima ana urefu wa milimita 5 hadi 7, rangi yake ni ya kahawia iliyokolea hadi nyeusi, na gamba lake ni gumu kiasi kwamba mwiba wa nyuki haupati pa kupenya. Nyuki akimvamia, yeye hujikunyata kama kobe: huvuta kichwa na miguu chini ya gamba, akabanana na ubao, na kusubiri mpaka nyuki achoke kumng'ata.

Kwa kuwa kumuua ni kazi ngumu, nyuki humfukuza mpaka akimbilie ufa au pembe, kisha humzuilia humo humo. Vile vijiukuta vya gundi ndivyo kizuizi chenyewe, na wale nyuki wachache ambao hawakuondoka hata mlipofungua mfuniko walikuwa zamu. Walinzi hao hupokezana usiku na mchana, na kila mbawakawa anapochungulia ili atoke, humrudisha ndani kwa kumng'ata na kumsukuma. La kushangaza ni kwamba mfungwa huyo hafi njaa. Husogeza kichwa karibu na mlinzi wake na kumgusagusa kinywani kwa papasi (vile vipembe vya kichwani vya kupapasia), kama nyuki wanavyofanya wanapoombana chakula, na mlinzi, baada ya kumkataa mara kadhaa, mwishowe hutema tone ambalo mbawakawa hulilamba upesi. Watafiti waliotumia mizinga yenye vioo wameshuhudia wafungwa wa namna hii wakiishi kizuizini kwa karibu miezi miwili.

Mtu anaweza kuuliza faida ya kumlisha adui. Faida ipo. Tone hilo ni chakula cha kumweka hai tu. Ili mbawakawa jike atage mayai mengi, na anaweza kutaga hadi kufikia elfu moja katika uhai wake, anahitaji kula majana na chavua, na vyote hivyo viko kwenye masega ambayo kizuizi kinamnyima. Mlipoikwangua gundi mliwafungulia wote kwa mkupuo mmoja, tena wakati ambao moshi ulikuwa umewasogeza nyuki mbali na masega ya pembeni. Hakuna mbawakawa aliyehitaji kuja kutoka nje ya mzinga wenu ili kuleta maafa hayo.

Ngome ya pili ya nyuki ni kusafisha. Mbawakawa jike hutaga mayai meupe, membamba, madogo kuliko ya nyuki, kwenye nyufa ambamo kichwa cha nyuki hakiingii. Na akipata nafasi hutoboa kifuniko au ukuta wa chumba chenye majana na kutaga ndani yake. Nyuki wakigundua, hukifungua chumba hicho na kutoa kila kilichomo, mayai ya adui pamoja na jana lao wenyewe, hata kama jana hilo bado ni zima. Majaribio yaliyofanywa Afrika Kusini kwa nyuki wa jamii hii hii tuliyo nayo, yaani Apis mellifera scutellata, yalionyesha kwamba mayai yaliyowekwa wazi juu ya sega yaliondolewa yote, na mabuu wa mbawakawa waliowekwa mzingani kwa mamia walitupwa nje katika muda wa siku moja. Mayai yaliyofichwa kwenye nyufa ndiyo yaliyonusurika. Kwa maoni yangu hilo ndilo jambo la kwanza la kuzingatia mnapoagiza mizinga kwa fundi: mbao zilizokauka vizuri, zilizoungwa bila mianya, zina thamani kuliko dawa yoyote.

Mayai yanayosalimika huanguliwa baada ya siku tatu hivi. Mabuu hula majana, chavua na asali, na popote wanapopita huacha hamira inayoichachusha asali, ndiyo harufu mliyoisikia. Msiwachanganye na mabuu wa nondo wa nta, mdudu mwingine anayeharibu masega. Buu wa mbawakawa ana jozi tatu tu za miguu karibu na kichwa, mgongoni ana vijimiba vilivyopangika, wala hafumi nyuzi. Buu wa nondo ana vijiguu pia kuelekea nyuma ya mwili na huacha utando popote apitapo. Baada ya wiki mbili hivi mabuu wa mbawakawa hutoka mzingani na kujichimbia ardhini, wengi wao katika sentimita 20 za juu, na wiki tatu hadi nne baadaye hutoka wakiwa mbawakawa kamili.

Wapo wanaoamini kwamba udongo wa luseni, ule wa kichanga, ndio unaozaa mbawakawa, na kwamba aliye kwenye mbuga nyeusi amesalimika. Kinachoamua zaidi ni unyevu kuliko aina ya udongo, kwa hiyo mzinga uliowekwa kwenye kivuli kizito chenye unyevunyevu wa kudumu unajitafutia matatizo hata kama ardhi yake ni ya mfinyanzi.

Mzinga huo uliobaki na nyuki wachache upunguzeni nafasi. Toeni masega yaliyoharibika, myafukie mbali au myayeyushe, kisha wekeni ubao wa kugawia ili nyuki wabaki na masega wanayoweza kuyafunika kikamilifu. Sega lisilo na nyuki juu yake halina mlinzi. Na gundi iliyo chini ya mfuniko iacheni ilipo, isipokuwa pale inapowazuia kutoa kiunzi.

Shikamoo mtaalamu. Nimetundika mizinga kwenye ngitili (eneo la malisho lililotengwa) ya babu yangu. Mwezi uliopita miwili imebaki mitupu. Mmoja una masega makavu kabisa, hakuna asali wala majana. Mwingine una majana yaliyofia ndani ya vyumba vyao na asali imo bado. Babu anasema nyuki ni wageni, huja na kuondoka wapendavyo, na majirani wanasema ni siafu. Nimsikilize nani? (Msomaji, Magu)

Marahaba, mwanangu. Babu yako yuko karibu na ukweli kuliko majirani, ila ametaja mzinga mmoja tu kati ya miwili.

Nyuki wetu wana njia mbili za kuhama, na masega waliyoyaacha hukuambia ni ipi waliyoitumia. Njia ya kwanza ni ya kujiandaa. Malkia hupunguza kutaga, kisha huacha, mayai na majana machanga mara nyingine huliwa na nyuki wenyewe, ili lishe hiyo isipotee, yale yaliyokwisha kufunikwa husubiriwa mpaka yatoke yakiwa nyuki kamili, asali hunywewa, na ndipo kundi zima huondoka. Kwa kuwa nyuki kibarua huchukua takriban siku 20 tangu yai mpaka kutoka chumbani, maandalizi hayo yanaweza kuchukua wiki mbili hadi tatu, na mfugaji makini huyaona: sega halina mayai, chavua haiingizwi tena, na mlangoni pamepoa. Sababu huwa ni njaa, ukame, jua kali, ukosefu wa maji ya karibu, au mbawakawa na nondo waliozidi uwezo wa walinzi. Mzinga wako wenye masega makavu uliachwa hivyo. Wengi huita tabia hii utoro, nami sikubaliani nao, kwa sababu adui aliyebaki humo hakuachiwa jana, chavua wala tone la asali la kuzalia kizazi chake.

Njia ya pili ni ya dharura, pale kundi linapookoa malkia na nyuki wazima na kuacha kila kitu nyuma. Siafu huwalazimisha kufanya hivyo mara nyingi. Dhidi ya sisimizi wachache wanaopeleleza, walinzi wa mlangoni wana mbinu: huwanyakua na kuwatupa, au huwapulizia upepo wa mabawa mpaka wapeperuke kwenye ubao. Dhidi ya msafara wa siafu unaoingia usiku mbinu hizo hazifui dafu. Hata hivyo siafu ni walaji wa nyama, na wakiingia mzingani hubeba majana kwanza. Utakuta vyumba vimefunguliwa na vimekombwa, na chini yake mabaki ya nyuki waliokatwakatwa. Wewe umekuta majana yamefia humo humo vyumbani, hayakuguswa, na asali ipo. Siafu hawakufika. Asali kubaki kunatuonyesha pia kwamba si nyegere wala mwizi. Majana hayo yalikufa kwa baridi, baada ya nyuki waliokuwa wakiyatunza kwa joto la nyuzi 34 hadi 35 kuondoka ghafla. Ulizia kama kuna aliyechoma nyasi karibu na ngitili siku hizo, au aliyeufungua mzinga mchana wa jua kali na kuuacha wazi.

Masega ya mizinga yote miwili yatoe wiki hii hii uyayeyushe upate nta, kwa sababu pasipo nyuki nondo hawatachelewa kuyapata. Kuhusu siafu, ambao ipo siku watakuja, ning'iniza mizinga kwa waya uliopakwa grisi, na ukate kila tawi na nyasi inayougusa mzinga, maana jani moja tu huwatosha kuwa daraja.

Kwenye sega la majana lililofunikwa naona mstari wa vyumba visivyo na vifuniko, na ndani yake vichwa vyeupe vyenye macho ya zambarau vimeelekea juu. Vimepangika kama njia, kwa urefu wa kidole au zaidi. Je, ni ugonjwa? (Mfugaji, Ukerewe)

Huo mstari ndio jibu lenyewe. Chini ya vifuniko vile amepita buu wa nondo wa nta, akichimba handaki kutoka chumba kimoja hadi kingine, na nyuki walipomsikia wakavitafuna vifuniko ili wamfikie. Walipomtoa, waliyaacha majana wazi, na mengi kati yao huendelea kukua na kutoka salama. Ukiangalia kwa makini kwenye kingo za vyumba hivyo utaona nyuzi nyembamba na vijipunje vyeusi vya kinyesi chake.

Kama vyumba vilivyo wazi vingekuwa vimetawanyika, na majana yaliyomo yamebadilika rangi, yanavutika au yananuka, tungefikiria ugonjwa, na hapo ungepaswa kumwita afisa nyuki wa wilaya kabla ya kuhamisha sega lolote. Kwa hali uliyoieleza, iache mikono yako mbali na sega hilo. Kilicho muhimu ni kuangalia sakafu ya mzinga: mkusanyiko wa vipande vya nta na uchafu ambao nyuki hawakuweza kuutoa ndio mazalio ya nondo, na kuuondoa ni dakika chache za kazi.

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, Nyamagana. Nimesikia kwamba nyuki wanaweza kumpika adui mpaka afe. Ni kweli? Na kwa nini hawawapiki mbawakawa?

Ni kweli kwa nyuki wa Japani, Apis cerana, ambao ni jamii tofauti na nyuki wetu. Nyigu mkubwa wa huko akiingia mzingani, mamia ya nyuki humzonga kwa pamoja na kutikisa misuli ya mabawa mpaka joto la katikati lifike takriban nyuzi 46. Joto hilo pamoja na hewa ya kaboni dayoksaidi waliyoipumua humuua nyigu, ilhali nyuki wenyewe huvumilia kiwango cha juu kidogo ya hapo. Mbawakawa ni mdogo mno kuzongwa kwa namna hiyo, na muda wote yuko mbioni kuelekea ufa. Kumbuka pia kwamba nyigu huja mchana, mmoja mmoja, mbele ya macho ya walinzi, wakati mbawakawa hupenda kuruka jioni giza linapoingia.

Nimeona kitu chekundu mgongoni mwa nyuki. Muuzaji wa duka la pembejeo ameniuzia dawa ya unga niinyunyize mzingani, akisema ni varoa na itamaliza nyuki wote. Bado sijaitumia. Nifanyeje? (Mfugaji, Misungwi)

Usiitumie. Mkamate nyuki mmoja mwenye kitu hicho, kitoe kwa ncha ya unyoya, ukihesabu miguu yake kwenye karatasi nyeupe, ikiwezekana kwa kioo cha kukuzia. Miguu sita ni chawa wa nyuki, nzi mdogo asiye na mabawa anayedoea chakula kinywani mwa nyuki bila kumnyonya, naye hana madhara ya kukunyima usingizi. Miguu minane, na umbo bapa lililo pana kuliko urefu wake, ni utitiri wa varoa, ambaye hujilisha kutoka mwilini mwa nyuki na kuzaliana ndani ya vyumba vya majana vilivyofunikwa, hasa vya madume.

Varoa alithibitishwa Kenya na Tanzania mwaka 2009. Makundi yetu yameendelea kuishi naye bila dawa, jambo ambalo limewavutia watafiti wa nchi ambako mfugaji asiyetibu hupoteza mizinga yake ndani ya miaka michache. Sababu zinazotajwa ni kadhaa. Nyuki wetu hujifuta na kufutana, wakimng'oa utitiri kwa meno. Huhama na kugawanyika mara kwa mara, hivyo kuna vipindi ambavyo mzinga hauna jana lililofunikwa na utitiri hana pa kuzalia. Na hunusa chumba chenye kasoro, wakakifungua na kutoa kilichomo. Tabia hii ya mwisho hurithiwa. Walter Rothenbuhler wa Marekani aliandika mwaka 1964 kwamba kufungua kifuniko na kutoa jana ni kazi mbili zinazorithiwa kila moja kwa njia yake. Utafiti wa baadaye umeonyesha kuwa urithi huo ni mgumu zaidi ya alivyodhani.

Unaweza kulipima kundi lako. Chagua sehemu ya sega yenye majana yaliyofunikwa, toboa vifuniko 50 kwa pini nyembamba ukimchoma pupa (jana linalogeuka kuwa nyuki kamili) aliye ndani, weka alama kwenye kiunzi, kisha rudi kesho yake saa ile ile. Kundi hodari utalikuta limekwisha kusafisha karibu vyumba vyote. Kundi lililoviacha vingi jinsi vilivyo usilitumie kugawanya ili kupata makundi mapya. Unga uliouziwa, hata kama ungeua utitiri, ungebaki kwenye nta kwa miaka, na ungehatarisha soko la asali yako, kwa kuwa wanunuzi wa nje huipima asali mabaki ya kemikali.

Kuna mbawakawa wakubwa weusi, karibu urefu wa kiungo cha kidole, wanaingia mzingani mchana kweupe na nyuki hawawezi kuwazuia. Masega ya majana yamekuwa na mashimo. Mizinga yangu iko nyuma ya zizi la ng'ombe. (Mfugaji, Kwimba)

Hawa ni mbawakawa wakubwa wa mzinga, wa jenasi ya Oplostomus, na wana urefu wa zaidi ya milimita 20. Kwao kizuizi cha gundi hakifanyi kazi. Nyuki hupanda mgongoni mwao na kuwang'ang'ania, lakini gamba halipenyeki na mwili ni mzito kuusukuma, hivyo mbawakawa huendelea kula majana huku amebebana na walinzi. Mabuu wao hawakai mzingani bali hukulia kwenye samadi, na hapo ndipo zizi lako linapoingia katika habari hii. Hamishia mizinga mbali na zizi na lundo la samadi kadiri eneo lako linavyoruhusu. Kabla hujahamisha, punguza mlango uwe mwanya wa milimita 8 kwa kwenda juu. Nyuki, madume na malkia watapita, mbawakawa huyo hatapita. Walio ndani tayari waokote kwa mkono jioni, uwatie kwenye ndoo ya maji yenye sabuni, na urudie zoezi hilo kila unapofungua mzinga mpaka usiwaone tena.